Mwenyekiti wa Sendofu, Kocha wa Mstari

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili asijitokeze mtu wa kunitetea. Mwanamume mzima wa miaka thelathini na minne, ratiba ya mechi ninayo kwenye mfuko wa shati imekunjwa mara nne, nimekalia kiti cha mwenyekiti wa kamati ya sendofu, nikagonga meza kwa kiganja na kutangaza, “Tarehe thelathini Agosti imepita!” Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sikuikunjua ile ratiba. Mpaka leo nikikumbuka najipiga paja kwa hasira.

Naitwa Ombeni, Mpare wa Usangi. Watani wetu husema Mpare akikosa wa kumshtaki hujishtaki mwenyewe, basi ndiyo haya. Mchana mimi ni fundi wa lifti katika maghorofa ya Toronto. Lifti ikikwama ghorofa ya kumi na saba, bibi wa watu yuko ndani na mifuko yake ya viazi, anayetukanwa ni mimi. Nimezoea. Lakini jioni na Jumamosi nilikuwa na kazi nyingine, na hiyo niliipenda kuliko lifti zote za mji huu. Nilikuwa mpirani, katika timu ya chuo kikuu nilikosoma.

Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Ni ule wa yai, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Nilipofika hapa mwaka 2001 kusoma uhandisi sikuwa nimewahi kuuona. Nyumbani nilicheza mpira wa wavu, shuleni Same, kwa sababu ya urefu. Wiki ya pili nimesimama kwenye foleni ya vitambulisho, akaja mzungu mmoja mnene akanizunguka mara mbili kama mtu aliyekuja mnadani kununua fahali. Akaniuliza, “Kijana, unakula nini?” Nikamjibu, “Ninachokipata.” Kesho yake nikapewa viatu. Nikacheza miaka minne mstari wa mbele.

Mstari wa mbele nauelezea mara moja tu, sirudii. Wako watano. Wa katikati anautoa mpira kwa nyuma, kati ya miguu yake, unakwenda kwa mrushaji. Wawili wako ubavuni mwake, wawili wengine pembeni. Hawakimbii na mpira, hawaushiki, hawafungi. Kazi yao ni moja tu, kusimama kati ya mrushaji na majitu yanayotaka kumvunja. Mrushaji akibaki wima, hakuna anayewataja. Akilazwa chini, uwanja mzima unajua majina yao. Na wa pembeni kushoto ndiye mwenye mzigo mkubwa, maana mrushaji wa mkono wa kulia anaupa upande ule kisogo.

Nilipohitimu sikuweza kuondoka. Nikawa mshika mito. Unasimama umekumbatia mto mkubwa mgumu, vijana wa kilo mia na thelathini wanakuja kukugonga, kocha wa mstari anapiga kelele, wewe unasema “tena”. Nikiona kosa namnong'oneza kocha, naye analipigia kelele kama vile ameliona yeye. Miaka tisa nilifanya hivyo. Tisa! Mwezi wa pili mwaka 2014 yule mzee wa mstari akastaafu, na kocha mkuu akaniita ofisini. Akasema, mstari ni wako, lakini kwa majaribio. Tutaona utakavyoanza. Ukianza vibaya ninaye mtu mwingine. Nilitoka pale bila koti, na ilikuwa Februari ya Toronto, jamani. Nilifika kituo cha basi ndipo nikajua nasikia baridi.

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe. Watatu kati ya watano walikuwa wamemaliza masomo. Nilibakiwa na wa katikati, kijana wa Sudbury asiyeongea hata ukimkanyaga, na Elias, wa pembeni kushoto. Elias alikuwa anaingia mwaka wake wa mwisho, na watu wa timu za kulipwa walikwisha anza kuja kumtazama na madaftari yao. Ubavuni niliweka wapya wawili, mmoja mzuri, mmoja wa kumwombea dua. Pembeni kulia nikampeleka Onesphore.

Huyu Onesphore kwao ni Bukavu. Ana nguvu za trekta na adabu ya mchungaji, lakini ana ugonjwa mmoja. Akichoka, mguu wake wa kulia unarudi nyuma mno. Mguu ukirudi, kifua kinafunguka, na adui anapita ndani bila hodi. Dawa yake ni neno moja tu, “Kisigino!” Ukimwambia anajirekebisha mchezo mzima. Usipomwambia, hajui kabisa kwamba anaumwa.

Kila mwaka timu hutoa kijitabu cha msimu, na kila kocha huandika matarajio ya watu wake. Nilikaa jioni tatu nikaandika yangu. Niliandika kwamba mwaka huu mstari utazuia, nikaeleza kwa nini, mtu mmoja mmoja, miguu yake, mikono yake, kichwa chake. Kilipochapishwa nikakuta maneno yangu yote yameliwa, imebaki sentensi moja: “Mstari wa mbele ni mchanga na maswali ni mengi.” Maswali ya nani? Mimi sikuuliza swali! Na uzito wa Onesphore wameuongeza kilo kumi na mbili ili atishe.

Elias nilimjua tangu ana miaka minane. Baba yake, marehemu kaka Eliamani, alikuwa wa ukoo wetu, na ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege. Nililala sebuleni kwao Flemingdon Park mwaka mzima, miguu imetokeza nje ya kochi. Alipofariki mwaka 2009, mimi nikabaki baba mdogo wa nyumba ile. Elias amekulia hapa. Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza. Uwanjani ananiita kocha, nyumbani ananiita Baba mdogo, na akikasirika haniiti kitu. Dada yake Elinaza alikuja akiwa mkubwa kidogo, kwa hiyo Kiswahili chake kimenyooka, tena kina makali. Ni nesi.

Elinaza alipochumbiwa na kijana wa Edmonton, mama yao akanipigia simu. “Shemeji,” akasema, “kamati ya sendofu ni yako.” Jambo kama hilo hulikatai. Binti wa marehemu kaka yako anaagwa, utakataaje?

Lakini asiyewahi kukaa kikao cha sendofu asinihukumu. Kikao cha mwezi wa tatu kiliitishwa saa nane mchana, kikaanza saa kumi. Siku zile Dodoma walikuwa na Bunge la Katiba. Sisi tulikuwa na rangi ya mapambo, na sijui nani walikuwa na kazi ngumu zaidi. Kijani na dhahabu, au zambarau na fedha? Kina mama wawili walinuniana mpaka Pasaka. Ikaja tarehe. Ukumbi wa kanisa Julai umejaa. Shangazi yao anayetoka Same, viza yake inaanza katikati ya Agosti. Ndugu wa bwana harusi wanataka wikiendi ile ndefu ya mwanzo wa Septemba ili wasiombe ruhusa kazini. Kila tarehe inayotajwa ina wa kuikataa. Njaa imenishika, wali unanukia jikoni na hauji. Mara mtu mmoja akasema, je, thelathini Agosti? Hakuna aliyepinga. Kikao cha Watanzania, na hakuna aliyepinga! Nikagonga meza kabla mtu hajabadili mawazo. Kisha katibu akaandika kwamba atakayemwingiza binti ukumbini na kumkabidhi ni kaka yake, Elias, kwa matakwa ya binti mwenyewe.

Kosa nililigundua mwezi wa sita. Nilikuwa juu kabisa ya jengo moja, kwenye chumba cha mashine ya lifti, natafuta karatasi ya kuandikia namba ya kipuri. Nikatoa ile ratiba. Nikaikunjua. Mechi ya kwanza ya msimu, Jumamosi, thelathini Agosti, saa tisa alasiri. Tena ugenini, mwendo wa saa tano kwa basi. Nilikaa juu ya ndoo ya grisi. Chini watu walikuwa wakipiga kelele lifti itafunguka lini.

Nilijaribu kila mlango. Kocha mkuu akacheka, akadhani natania. Mechi hazihamishwi kwa ajili ya sherehe ya mtu. Ukumbi, hapana. Ndugu wa Edmonton walikwisha kata tiketi. Kadi zilikwisha sambazwa mpaka Minnesota. Basi nikafanya kosa la pili, nikanyamaza. Nikajiambia patatokea kitu. Mtu mzima hovyo! Mwishowe nikamweleza Elias, tumesimama nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Akanitazama kwa mshangao. Akasema kwa Kiingereza chake, “Niliiona tangu mwezi wa tano. Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiye mwenyekiti. Nilidhani una mpango.”

Mpango! Nilitaka kujificha ndani ya kabati la mito.

Kambi ya Agosti ikaanza na moyo mzito hivyo. Mazoezi mara mbili kwa siku, joto la kupika ugali. Yule wa kumwombea dua akateguka kidole, nikaleta mwingine ambaye hata dua haikutosha. Kocha mkuu anapita nyuma yangu kila siku akiandika. Onesphore peke yake ndiye aliyenipa raha. Wiki mbili nzima mguu wake ulikaa mahali pake, sikuhitaji kumkumbusha hata mara moja. Nikasema, amepona. Na Elias alikuwa anacheza vizuri kiasi cha kunitia uchungu. Nikimtazama nasema, huyu nimemjenga mwenyewe, tangu hajui kuinama, na siku ya watu wa madaftari atakuwa amevaa suti ukumbini anatazama keki.

Katikati ya mwezi nikaitisha kikao cha dharura, nyumbani kwa Mama Elinaza. Nikasema yote, bila kujitetea. Palilipuka. Mmoja akauliza kwani chuo hakina wachezaji wengine. Mwingine akapendekeza Elias acheze kipindi cha kwanza, kisha aje. “Mwendo wa saa tano kwa basi,” nikamwambia, “atakuja na nini, na ungo?” Watu wakacheka, Mama Elinaza hakucheka. Akanyoosha mkono, pakanyamaza.

“Shemeji,” akasema, “acha kamati. Wewe mwenyewe unataka nini?”

“Nataka Elias acheze,” nikasema. Sikuona haja ya kuzunguka. “Watu wa timu za kulipwa watakuwepo. Nimemlea miaka minne kwa siku kama hiyo.”

Elinaza alikuwa amekaa sakafuni, amejiegemeza kwenye miguu ya mama yake. “Na mimi nilitaka kaka yangu anishike mkono,” akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Elias alikuwa dirishani, ameupa mkutano mgongo. Mgongo ule mpana nauona mpaka sasa.

Mama Elinaza akavuta pumzi. “Mshika mawili moja humponyoka. Elias ataenda kucheza. Ni maisha yake, na baba yake angemruhusu. Lakini binti yangu haingii ukumbini peke yake, wala haingizwi na mtu wa kuokoteza. Kwa mila wewe ndiye baba yake, Ombeni. Elias tulimweka kwa kuwa binti alitaka. Tarehe uliigonga wewe. Basi utamwingiza wewe. Katibu, andika.”

Katibu akaandika. Miaka tisa nimeshika mito nikingoja mechi ile. Nilikwenda pale kumwombea kijana ruhusa, nikarudi nimefungiwa mimi. Na ubaya ni kwamba mama yule alikuwa na haki, kila neno. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ningepona.

Kocha mkuu nilimweleza kesho yake. Akauliza, “Ni harusi ya binti yako?”

“Binti wa kaka yangu. Na si harusi. Ni kabla ya harusi.”

“Kwa hiyo harusi yenyewe utaweza kukosa?”

“Harusi iko Edmonton wiki mbili baadaye. Hii ni ya kumuaga.”

“Anakwenda wapi?”

“Edmonton.”

“Si nawe utakwenda Edmonton?”

Nikaacha. Kuna mambo ukiyaeleza kwa Kiingereza yanageuka upuuzi mdomoni mwako. Akasema sawa, Rafiq atasimama na mstari, lakini wakati wa mapumziko niwe karibu na simu. Akaongeza, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba makubaliano yetu ni yale yale. Mwanzo ni mwanzo.

Rafiq ni mshika mito mwenzangu. Tulicheza pamoja, yeye mpiga mateke, hajawahi kukaa mstarini hata dakika moja. Ana duka la miwani Don Mills, wazazi wake ni Waismailia wa Mwanza, na Kiswahili alichokipata kwa mama yake Khatoon kinanishinda mimi kwa heshima. “Bwana Ombeni,” akaniambia, “mimi naona vizuri miwani ya watu. Miguu ya watu sijui.” Nikamwandikia kurasa nne. Nani akibanwa asaidiwe na nani, wa Sudbury aongeleshwe vipi, yule mpya atolewe dakika gani. Kuhusu Onesphore niliandika: “Huyu yuko sawa.” Amepona, si ndiyo?

Siku yenyewe ikafika. Kadi imeandikwa saa tisa kamili, na mimi kama mwenyekiti nilikuwa nimewahubiria kamati wiki nzima kwamba safari hii tutakwenda na muda. Saa tisa kamili ukumbini tulikuwa mimi, mpishi na viti. Saa tisa hiyo hiyo, mbali kule, Elias anainama mstarini na mimi sipo. Nilizunguka kati ya meza nikinyoosha vitambaa vya kijani vilivyokwisha nyooshwa. Saa kumi bibi harusi mtarajiwa akafika. Watu wakaanza kuingia wakicheka, hakuna aliyeomba radhi, na wengine wakanipongeza kwa kuwahi.

Saa kumi na nusu tulikuwa koridoni nyuma ya mlango mkubwa wa ukumbi, mimi na Elinaza na shangazi aliyetoka Same. Elinaza alikuwa amependeza, sina la kuongeza. Nilikuwa nimeapa sitaitazama simu. Ikatetemeka, nikaitazama.

Rafiq ameandika: “Tumefungwa kumi na saba kwa sita. Mrushaji kalazwa mara nne, zote upande wa kulia. Kocha anauliza Onesphore ana nini. Tuko mapumziko, zimebaki dakika kumi.” Na video fupi. Nikaicheza mara moja tu, ikatosha. Mguu wa kulia, huko nyuma, kifua wazi.

“Kisigino!” nikasema kwa sauti. Shangazi akashtuka akajishika kifua.

Nikaanza kuandika. Vidole vyangu ni vya spana, havielewani na herufi ndogo. Niliandika “Mwambie”, nikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Ndani ya ukumbi MC akaita, “Wapendwa wageni waalikwa, naomba tusimame kwa heshima zote. Baba anamleta binti!”

Baba. Nikamwona Eliamani mbele yangu, angesimama vipi hapa, angevaa nini, angetania nini. Asingekuwa na simu mkononi, hilo nilikuwa na hakika. Elinaza alikuwa ameshatoa mkono wake, unaningoja. Nikajiambia, Ombeni, tangu mwezi wa tatu umekuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Leo simama mahali pamoja, hata kama patauma. Nikaizima simu. Sikuinyamazisha, niliizima kabisa, nikaitia mfukoni. Nikampa binti mkono, nikanyooka, nikafumba macho ili nisilie mbele ya watu. Niliumia, sifichi. Niliona kile kisigino, nikaona mrushaji anaanguka, nikawa na hasira ya kutafuna ukuta, na bado nikasimama. Sijui tulisimama muda gani. Mlango ukafunguliwa, muziki ukalia, tukaingia, na vigelegele vikatupokea.

Nilimkabidhi vizuri. Nilisema maneno ya baba yake niliyoyakumbuka, watu wazima wakalia, Mama Elinaza akaja kunishika mkono wa pili mbele ya wote. Kwa mara ya kwanza tangu ile ndoo ya grisi nilijiona mtu. Nikasema, nimepoteza kitu, lakini nimekipoteza kwa jambo la maana.

Simu niliiwasha wakati wa kula. Tumefungwa ishirini na nne kwa ishirini. Robo ya tatu wamepita tena kulia, mrushaji kaangukia bega, limetoka, atapasuliwa, msimu wake umekwisha. Elias hakupitwa hata mara moja, lakini mipira yote ya robo ya mwisho ilirushwa na kijana wa akiba anayetetemeka, na watu wa madaftari waliondoka kabla ya filimbi. Jumapili asubuhi, nikiwa navaa viatu vya kwenda kanisani, ukaja ujumbe wa kocha mkuu. Mstari unachukuliwa na mtu mwingine kuanzia Jumanne. Nikipenda, mito ipo.

Baada ya ibada nikaenda Flemingdon Park. Elias alikuwa mezani, shingo imekaza, pilau la jana limepoa mbele yake. Hakunisalimia. Hakuniita kitu.

“Onesphore analia tangu jana,” akasema kwa Kiingereza. “Anadhani yeye ndiye aliyemvunja mtu bega. Neno moja, ulikuwa na dakika kumi. Kwa nini hukujibu?”

Nikavuta kiti. Sikuwa na mstari tena, nilikuwa nimebakiwa na jibu hilo tu, na nililisema kwa moto wote. “Elias, ile haikuwa saa ya simu. Watu wamesimama, muziki unapigwa, namwingiza dada yako badala ya baba yako na badala yako wewe. Ningemwambia angoje? Unajua kungoja kwa binti mlangoni? Kuna mambo hayangoji, mwanangu!”

Elias akainamisha kichwa. Akakitikisa taratibu, kama anayekubali. Nikaona limemwingia.

Elinaza alikuwa ametoka jikoni na sufuria ya pilau lililopashwa. Alikuwa amesimama, ametutazama, hajui amwekee nani kwanza.

“Muziki gani, Baba mdogo?” akasema. “MC alipowasimamisha watu, waya wa spika ukakatika. Wakaenda kutafuta mwingine kwenye magari. Tulisimama pale mlangoni dakika kumi na mbili. Shangazi alikaa chini akavua viatu.”

Nikamtazama. “Na hukuniambia?”

“Ulikuwa umefumba macho,” akasema. “Nilidhani unasali.”